Jozi

Bodi tano zimeshuka na basi la usiku
ndani ya sanduku la viatu vya mtoto.
Nazipanga mezani, Chikongola, nyuma ya duka la rangi:
kijani kibichi, vitundu kama ncha ya sindano.
Nne kati yake zitaishia kukandamiza risiti
feni isizipeperushe.

Kamera inatakiwa kuiona korosho ikianguka:
nzima, kipande, iliyoungua.
Inaona ukungu wenye mistari.
Bakiri anasema, "Dada Somoe, labda kioo kina mafuta."
Kioo hakina mafuta. Kosa ni langu na nalijua lilipo,
kama ulimi unavyolijua jino lililotoboka.

Ni ile jozi.
Njia mbili za shaba, nyembamba kama unywele,
kutoka kwenye kamera hadi kwenye chipu.
Mmoja akipanda, mwenziwe anashuka;
habari si ya huyu wala si ya yule,
habari ni ile tofauti iliyo kati yao.
Kwa hiyo mota ya kubangulia ikinguruma
(na ile ya Nanyamba hunguruma kama mtu anayedai)
kelele huwazaba wote wawili kofi lilelile,
na mwisho wa safari chipu humtoa huyu kwa yule,
kofi kwa kofi, sifuri,
neno likabaki jeupe.

Lakini sharti wafike sanjari.
Nami kwenye kona, pale soketi ilipojitokeza,
nilimpa wa nje milimita nne za ziada.
Milimita nne!
Muda ambao kope haiwezi hata kuwaza kupepesa,
na tayari mmoja anajibu swali
ambalo mwenziwe bado analisikia.

Toleo la pili nilidhani nimelipa.
Nilimchorea wa ndani vijipindo vitatu, kama upindo wa gauni,
huko mbali, karibu na chipu, palipokuwa na nafasi.
Hesabu ikalingana. Kompyuta ikanipa alama ya tiki.
Picha ikagoma.

Usiku, umeme umekatika, shati limenigandia mgongoni,
ndipo likanijia bonde la Newala.
Mimi na Asumini, ndoo katikati,
mti umepita kwenye mkono wa ndoo, kila mmoja na ncha yake.
Njia ikipinda, wa nje hukimbia, wa ndani hana pa kwenda.
Asumini alikuwa wa ndani.
Alikanyagakanyaga palepale, mara tatu, nne,
vumbi likimpanda magotini,
akinisubiri kwenye kona yenyewe,
si mlimani, si nyumbani.
Angenisubiri nyumbani tungefika na mti mtupu.

Basi.
Nafuta vijipindo vya kule mbali,
navichora hapa, mita ya kosa palepale lilipozaliwa.
Chini yao shaba ya ardhi naiacha nzima;
sikati hata mfereji wa waya wa taa,
maana walio juu hawaendi popote
asiporudi aliye chini.

Asumini yuko Masasi siku hizi.
Kuna neno la mikorosho ya baba
tuliliacha kwenye kona ya mwaka ule
tukaja kulilipia mbali,
kwa salamu za sikukuu, kwa vocha, kwa khanga za harusi.
Hesabu imelingana, nadhani.

Bakiri anainama juu ya kioo, mkononi mihogo ya kukaanga.
"Mbona umeyabana kwenye kona? Inaonekana vibaya."
"Vibaya," nakubali.
"Na hili ni toleo la tatu?"
"La tatu."
Natuma kiwandani. Mstari wa bluu unatambaa,
asilimia arobaini, arobaini na moja,
nami nimeshika simu nyingine,
jina lake limewaka, 
sijabonyeza.